Upande Mmoja Mwaka Huu

Kila Desemba, siku chache kabla ya Krismasi, milio ya mapanga husikika katika vijiji vya mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Watoto walioko Dar es Salaam, Arusha na Nairobi wameshatuma hela kwa simu, na vibarua wanapita nyumba kwa nyumba wakinyoa nyuzio za michongoma, ili magari yatakapoanza kupanda mlima yakute njia safi na kuta za kijani zilizonyooka. Inapendeza kweli. Asubuhi ya mkesha harufu ya majani mabichi yaliyokatwa imetanda barabara nzima, na mtu aliyekaa mjini mwaka mzima akiivuta mara moja tu anajua kwamba amefika nyumbani.

Mchongoma wenyewe hauna habari na sikukuu. Panga la Desemba hukata nchani, pale jicho la mgeni linapofika, na kila mwaka huishia nje kidogo ya pale lilipoishia mwaka uliotangulia, kwa sababu kukata kwenye kovu la zamani ni kazi nzito na mti wa pale umeshakomaa. Urefu wa kidole mwaka huu, urefu wa kidole mwakani. Miaka ishirini ikipita, uzio uliopandwa kwa mstari mmoja umekuwa mpana kupita kitanda cha watu wawili, umekula nusu ya njia ya miguu, na kimo chake kimempita mtu mrefu aliyeinua mikono. Kwa nje bado unaonekana mzuri, na uzuri huo ndio unaochelewesha msaada.

Majani huishi kwa mwanga. Tabaka la nje likiwa zito, mwanga hauingii. Majani ya ndani hupukutika, vitawi vyake hukauka, na uhai wote wa mti hubaki kwenye unene wa kiganja kuzunguka utupu. Sehemu ya juu, inayopata jua kutwa, hunenepa na kuitia ya chini kivuli. Ya chini hukonda, hutoboka, na kuku wanapita bila kuinama. Uzio uliopandwa uzuie mbuzi sasa unazuia macho tu. Haya yote hayaonekani kutoka barabarani. Ni lazima upige magoti.

Nilipiga magoti niliporudi kuishi kwenye kihamba, shamba la nyumbani la wazazi wangu, baada ya wote wawili kufariki. Mchongoma wetu unafuata barabara, kisha unakata kona na kushuka kwenye mpaka wa jirani hadi kwenye mfongo unaoleta maji shambani. Nilianza na kipande cha mpakani, mwishoni mwa Februari, kwa kufungua tundu la kuingiza mabega. Ndani palikuwa kama nyumba iliyofungwa siku nyingi: nje imepakwa rangi, ndani giza, vumbi na vitu vya watu waliokwisha kuondoka. Kandambili ya mtoto. Mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba za mgomba, ambao hakuna aliyethubutu kuufuata kwenye miiba. Viota vya ndege vilivyorundikana kimoja juu ya kingine. Na waya ambao baba aliufunga kuielekeza miche, umemezwa na shina hata hauvutiki. Baba aliipanda michongoma hii kwa kamba, hatua fupi kati ya mche na mche, na alipokuwa na nguvu aliikata mwenyewe. Unene ulianza alipoanza kuumwa miguu. Mti una kumbukumbu ya jambo hilo. Ukihesabu makovu kutoka ndani kwenda nje unaona yalivyokuwa yanaheshimiwa, kisha yakaanza kupitwa.

Jina la mchongoma watu hulipa miti mingi ya miiba. Wa kwetu ni ule ambao Wakenya huuita kayaba, mti wa kusini mwa Afrika ambao kwa Kiingereza umepewa jina la mto Kei wa Afrika Kusini. Miiba yake imenyooka na inaweza kufikia urefu wa kidole. Mti dume na mti jike ni mbalimbali, ndiyo maana katika uzio mmoja kuna sehemu inayozaa na sehemu isiyozaa kamwe. Matunda yake ni ya manjano, ya mviringo, yana vitamini C nyingi na ukali wa kukunja uso. Sisi tuliyala kwa chumvi. Unavumilia ukame, unavumilia mbuzi, na zaidi ya yote unavumilia kukatwa.

Panga peke yake halitoshi kazi hii. Panga ni la vitawi vya nje. Ukilipiga kwenye tawi nene huchana gome na kuacha kidonda kipana chenye nyuzinyuzi, kinachoshika maji na kuoza. Ndani panataka msumeno wa kupogolea, ule mfupi uliopinda, na mkasi wa mikono mirefu. Panga nalo linolewe kwa tupa kila unapokaa kupumzika, maana panga butu hudunda na kumrudia mwenyewe. Gambuti, suruali nzito, glovu za ngozi, miwani. Kwa anayekata uzio wa minyaa miwani ndiyo ya kwanza kuliko vyote, kwa sababu utomvu wake ukiingia jichoni huunguza na unaweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa. Mchongoma hauna utomvu wa namna hiyo, lakini mwiba wake ukivunjikia kwenye kiungo cha kidole, kiungo kinaweza kuvimba wiki kwa wiki hadi kile kipande kitolewe, na vidonge vya maumivu havitasaidia. Wakulima wa zamani walilijua hili bila kuandikiwa na daktari: waliukagua mwiba uliotoka, kama ncha yake ipo.

Unaanzia chini, unapanda juu, ili kilichokatwa kianguke bila kunasa. Kabla ya kila tawi unalitikisa. Kinyonga hakimbii, atashikilia hapo hapo akikugeuzia jicho moja, na msumeno hautamwona. Wengi wetu tulilelewa kumwogopa. Mimi nilimpandisha kwenye kijiti nikamhamishia kwenye matawi ambayo hayangekatwa, na nilifurahi kupata sababu ya kumtazama kwa karibu kiumbe niliyemkimbia utotoni. Baadaye unalifuata kila tawi hadi linapoachana na shina, unakata hapo, ukiacha kisiki cha vidole viwili. Unachobakisha kinatisha. Mashina yamesimama meupe na makavu, bila jani, na anayepita njiani anasimama na kukupa pole akidhani umeua.

Kwa nini kukata ndani kunauponya mti ambao kukatwa nje kumeuchosha? Ncha ya kila tawi hutoa homoni iitwayo oksini, inayoshuka chini na kuyazuia macho ya pembeni yasichipue. Mwaka 1933 Kenneth Thimann na Folke Skoog, wakifanya kazi California, walikata ncha za mimea ya jamii ya maharage: macho ya pembeni yakaamka. Walipoweka homoni hiyo kwenye kidonda badala ya ncha iliyoondolewa, macho yakaendelea kulala. Tangu hapo elimu imeongezeka, na mwaka 2008 homoni nyingine, strigolaktoni, ilionyeshwa kuwa nayo inashiriki kuyazuia. Lakini jambo lenyewe ni lile lile ambalo mkono wa mkulima unalijua. Macho yanayoamka kwanza ni yale yaliyo karibu na pale ulipokata.

Maana yake ni kubwa kuliko inavyosikika. Uzio hunenepa pale unapokatwa. Aliyekata kwenye ngozi kila Desemba ameamsha ngozi kila Desemba, matawi manne mahali pa moja, na kwa bidii yake amefunga dirisha zaidi na zaidi. Kumbe chini ya gome la shina kuu, pale panapoonekana pamekufa, kuna macho yaliyolala miaka yote yakisubiri zuio liondoke na mwanga ufike. Mchongoma unayo hayo macho kwa wingi. Ukikatwa hadi kwenye shina unajibu kutoka kwenye shina.

Si kila mti una jibu hilo. Msipresi, ambao wengi wamezungushia makanisa na shule za milimani, ukikatwa hadi kwenye tawi la kahawia lisilo na majani hautachipua tena hapo. Kovu litabaki wazi mpaka mti wote ung'olewe. Na misipresi imekwisha kupata mateso yake. Vidukari vya msipresi vilionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia mwaka 1990 vilikuwa Kenya, vikiacha nyuzio zilizotunzwa vizuri zikiwa za rangi ya kutu. Anayeurithi uzio na aulize kwanza ni mti gani, ndipo ashike msumeno. Kwa msipresi, kunyoa kidogo kidogo tangu ujana ndiyo huruma pekee uliyo nayo. Kwa mchongoma uliozeeka, huruma ya namna hiyo inaumaliza polepole.

Hata hivyo usikate pande zote mbili mwaka mmoja. Mizizi inalishwa na majani, na mti uliovuliwa majani yote unatumia akiba yake ya mwisho. Unafungua upande mmoja hadi kwenye shina, unashusha kimo kwa sehemu, unauacha upande wa pili ulishe. Mwaka unaofuata unageuka. Msimu nao ni sharti. Kilimanjaro masika huanza Machi. Ukikata mwishoni mwa Februari, macho yanaamka mvua ikiwa njiani na ndege wengi hawajaanza kujenga. Desemba ni kinyume chake: vuli inaisha, Januari na Februari jua ni kali, na shina lililovuliwa ghafla linababuka. Kwa hiyo wageni wa Krismasi, hata wakitaka kuukata ndani, wamekuja wakati usiofaa. Wanafika, wanaupenda, wanaondoka, na mti unaohitaji Februari unapewa Desemba.

Hapa ndipo ninapoona kwa nini kazi hii ni ya mwenyewe. Fedha si sababu; kibarua wa kwetu hadai nyingi, na ustadi anao, wengine kunizidi mimi mbali. Simlaumu hata kidogo. Analipwa kwa urefu wa uzio, anatakiwa amalize kabla ya jua kuzama, na kesho yuko kwa mtu mwingine. Akikata hadi kwenye shina, mwenye nyumba atamwona mharibifu, na hatakuwepo wiki ya sita, mti unapochipua, kujitetea. Mwenye kukata ndani lazima awepo wiki ya sita. Machipukizi yakifika urefu wa shubiri yanataka kukatwa nusu, ili yatawanyike chini na yasikimbilie juu. Yakikua tena, tena. Lazima asimamie umbo: chini pana, juu pembamba, ili jua lifike hadi kwenye nyasi. Mapengo yanataka tawi la chini lililoinamishwa na kufukiwa mpaka liote mizizi, au mche mpya na debe la samadi, maana mizizi mikubwa haimwachii mgeni chakula. Mwakani anatakiwa aje na msumeno ule ule upande wa pili. Ukatili wa siku ya kwanza ana haki nao yule tu atakayekuwa karibu siku zote zinazofuata. Kwa mtu anayepita, kunyoa juu juu ndiyo adabu. Nimekuwa nikilifikiria hili hata nje ya bustani, kuhusu watu wanaorudi kwenye familia zao mara moja kwa mwaka na kutaka kurekebisha mambo ya kale kwa jioni moja.

Siku ya tatu au ya nne ndani ya miiba nikakutana na masale. Sikuyatarajia pale. Kwa Wachagga sale ndilo linaloonyesha mpaka. Ndilo linalopandwa makaburini. Na jani lake likipelekwa kwa mtu uliyemkosea ni ombi la msamaha ambalo ni vigumu sana kulikataa. Kuling'oa sale la mpaka ni kosa ambalo wazee hulisimulia vizazi vitatu baadaye. Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia aliyeandika mwaka 1986 juu ya sheria za kimila za Kilimanjaro katika kipindi cha miaka mia moja, alionyesha ni kiasi gani kesi ya ardhi ya mlimani inabeba historia ya ndugu na majirani wanaoshtakiana. Masale yale yalikuwa membamba, yameinama, lakini hai, kwa sababu asili yao ni kivuli cha msitu. Yalikuwa kwenye mstari ulionyooka. Na mchongoma, ambao baba aliupanda hatua moja ndani ya upande wetu kwa heshima ya mstari huo, ulikuwa umeyavuka na kulalia shamba la jirani kwa zaidi ya hatua nzima.

Hakuna aliyesogeza mpaka. Hakuna aliyekuja usiku. Panga lilipitwa na kidole kimoja kwa mwaka, basi, na ardhi ikahama.

Mama jirani alikuwa upande wa pili siku ile, akipalilia magimbi karibu na mfongo. Kwa miaka mingi tulisalimiana kwa sauti tu, kila mmoja akiongea na majani. Sasa niliona kilemba chake, kisha uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamua kutufungulia dirisha?"

Nikamwonyesha masale. Hakushangaa. Alisema anajua yalipo, maana alikuwepo yakipandwa upya baada ya maporomoko ya mvua, na kwamba baba yangu alikuwa akimletea mkungu wa ndizi kila mwaka kwa ajili ya kile kipande mchongoma ulichokilalia. Baba hakuwahi kuniambia. Mkungu ulikoma alipolala kitandani, na mama jirani hakudai.

"Ungesema tu, mama."

"Niseme nini, na mtu ni mgonjwa? Mti hauna haraka. Na mimi sina."

Mwanawe anayefanya kazi mjini anataka ukuta wa matofali. Nimezungumza naye kwa simu na namwelewa: ukuta unasimama ulipojengwa, hausogei, hauhitaji Februari ya mtu yeyote. Kwa mwenye nyumba asiyekaa nyumbani ni jibu la kweli. Lakini napinga, na nimempinga waziwazi. Mteremko wetu ni mkali. Mvua za Aprili zikishuka, maji yanapita katikati ya mashina ya mchongoma, yanapunguza mwendo, yanaacha udongo. Ukuta utayakusanya mpaka yapate pa kutokea, na pa kutokea patakuwa kwenye magimbi ya mama yake. Ndege, kinyonga na nyuki hawana la kufanya na saruji. Na ukuta ukishajengwa, hakutakuwa tena na sababu ya watu wa nyumba hizi mbili kuulizana chochote. Nimemwomba asubiri uzio umalize mzunguko wake, upande wetu mwaka huu, upande wao mwakani, kisha aje auone kwa macho ndipo aamue. Amekubali kusubiri. Hajakubali zaidi ya hapo.

Matawi ya miiba ni mzigo wenyewe. Hayarundikwi njiani, maana mwiba mkavu wa mchongoma hutoboa tairi la baiskeli na ndala ya mtoto kwa urahisi ule ule. Mazuri nimeyatumia kuziba mapengo ya chini, yakiwa yamelazwa kwa urefu, mpaka machipukizi yatakapochukua kazi. Mengine yanakauka kwenye kona, yatachomwa, na majivu yaende kwenye migomba. Masika imeanza kwa kishindo. Mashina yaliyokuwa meupe yana vipele vyekundu kuanzia inchi chache juu ya udongo, na vingine vimeshafungua majani, madogo, laini, na miiba ambayo bado inapinda ukiigusa. Nimekata nusu machipukizi yaliyokimbia.

Mkungu wa kwanza nimeupeleka juzi, ndizi mshare, nikaukabidhi juu ya masale. Mama aliupokea, akaupima kwa mkono, akasema wa baba yako ulikuwa mkubwa zaidi. Kisha akaeleza anavyotaka mambo yaende mwakani: nisiguse upande wake kabla hajachimba magimbi ya pale chini, matawi nisiyatupe kwenye mfongo, yale manene nimwekee kwa ajili ya zizi la mbuzi, na tawi lenye matunda karibu na jiko lake niliache kama lilivyo, wajukuu wanakuja likizo ya Juni.